Pasheni Nyuma ya Feni

12 Januari

Mke wangu,

Sitaanza na "mimi mzima, hofu kwako wewe uliye mbali," maana hayo tulishaambiana kwenye simu Jumapili. Kwenye simu kila mtu ni mzima. Umekula? Nimekula. Baridi? Ipo. Halafu salio linakwisha na mtu unabaki umeshika simu ya moto sikioni. Ndiyo maana nimekubali shauri lako la kurudia barua, kama enzi zile nakutongoza kwa mwandiko wa kuku.

Unasema shoga zako wanakuuliza kazi yangu na wewe unajibu "ana friji kubwa." Waambie hivi: mumeo analaza matunda. Wewe unayaamsha, mimi nayalaza. Matufaha yakiletwa tunayapanga chumbani mpaka karibu na dari, tunafunga mlango na kuziba kila upenyo, kisha mashine inapunguza ile hewa tunayovuta mimi na wewe. Tunda linapumua hata likishakatwa mtini, na kupumua huko ndiko kunakolizeesha. Ukilinyima hewa na kulitia baridi, linapumua kidogo kidogo kama mtu aliyezimia. Miezi kumi baadaye unafungua mlango, linatoka limekaza na shavu jekundu, utadhani limekatwa jana. Humo chumbani hatuingii ovyo. Mtu akiingia bila mtungi wa hewa anaanguka kabla hajaita mama.

Nina vyumba vya kiwi pia. Hilo ni tunda la kahawia, lina vinyweleo kama kidevu changu nisiponyoa, na ndani ni kijani. Vyumba vyake ni vya baridi tu, tunaingia na kutoka, na mimi ndiye ninayevizungukia kila asubuhi kubonyeza na kupima.

Kinachonimaliza huku si baridi. Ni kukosa harufu. Nyumba nzima imejaa matunda na hainuki chochote, maana baridi inazima kila kitu. Hata mafuta ya kujipaka yenye marashi tumekatazwa. Nikirudi kwangu kuna kitanda, jiko la umeme la sahani moja na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Nako hakunuki kitu. Siku nyingine navua soksi nafurahi kwamba angalau kuna mtu humu ndani.

Halafu juzi yule nesi uliyempa mzigo akanifikishia. Pasheni! Nilifungua mfuko nikakaa chini sakafuni. Usinicheke. Nimekula mbili tu. Zilizobaki nimezihifadhi mahali pazuri penye baridi, niwe nakula moja moja kila Jumapili mpaka mkataba uishe Juni. Nikija nakuja na mashine ya kupozea, tunajenga chumba chetu wenyewe cha kuvundikia ndizi, uache kumtajirisha huyo bosi wako.

Mumeo,
Mlaza Matunda


2 Februari

Mlaza Matunda,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya kreti tupu nyuma ya chumba, mlango wazi, maana leo ilikuwa zamu ya kuzipa ndizi hewa. Nina wafanyakazi wapya watatu wa kufundisha. Wanadhani gesi ndiyo inayoivisha. Nikawaambia gesi inabisha hodi tu. Ni kama mama anayegonga mlango asubuhi: mtoto mmoja akishaamka, anaanza kupiga kelele mwenyewe na kuwaamsha wenzake. Ndizi ikianza kuiva inatoa gesi ile ile kutoka mwilini mwake, jirani yake naye anaamka, na kuanzia hapo huna namna ya kumrudisha mtu kulala. Ndiyo maana bibi akivundika mkungu alikuwa anatia ndizi moja mbivu katikati. Jina la gesi hakulijua, ila kazi yake aliijua.

Nikawaonya juu ya joto pia. Chumba kikipata moto, ndizi inapikika: ganda linabaki kijani na ndani imeshakuwa uji. Mteja anaipita akidhani bado mbichi. Mmoja wao akasema, "Kama mama mkwe wangu." Tukacheka mpaka bosi akachungulia. Nilipobaki peke yangu nikaona kwamba si mama mkwe wake, ni mimi. Watu wananiona mchangamfu, natania sokoni kutwa nzima, na nikifunga mlango wa nyumba nimekwisha. Nakwambia wewe tu. Mtaani wameshanipa jina, mjane wa mume hai.

Kuhusu pasheni: kula. Usizitunze. Nilikutumia chakula, sikukutumia picha ya ukutani.

Sasa neno lenyewe. Bosi anajenga kiwanda kipya cha kuivisha, upande wa pili kabisa wa nchi, na anataka mimi nikakisimamie. Vyumba sita, na mimi ndiye mwenye funguo. Anataka jibu kabla Juni haijaisha. Nimemwambia namsubiri mume wangu. Akatazama pembeni akacheka, sijui alichekea nini. Ukija tutaamua wawili. Kama ni kwenda, twende wote, na kama ni kubaki, tubaki. Usipokuja nitaamua peke yangu, na mimi kuamua peke yangu nimechoka. Lakini utakuja.

Mkeo,
Mwivishaji


3 Machi

Dada,

Nakuandikia wewe kwa sababu yeye siwezi kumwandikia. Nimefukuzwa kazi.

Wifi yako alinitumia mfuko wa pasheni. Ninapopanga hakuna friji, nami nilitaka zidumu. Basi nikazipeleka kazini, nikazificha chumba namba tisa, cha kiwi, juu kabisa nyuma ya feni ambako hakuna anayepanga kitu. Kila asubuhi nikiwa kwenye mzunguko wangu napanda ngazi, nachukua moja, naifumbata mkononi mpaka inapata joto, na inaanza kunukia. Hapo nanusa nyumbani, kisha nairudisha. Dada, hata kuzila nilikuwa sizili tena. Jumapili zilikuwa zinapita na mfuko haupungui.

Na kiwi haivumilii gesi ya kuivia hata chembe. Tunaitenga mbali na matufaha kwa sababu hiyo hiyo, na pasheni inatoa gesi nyingi kuliko tufaha. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wageni hivyo, kwa mdomo wangu huu. Nilijua. Lakini kichwani mwangu ule mfuko haukuwa matunda. Matunda yalikuwa yale ya kwenye kreti, ya kazi. Ule ulikuwa mke wangu.

Feni ikaichukua gesi ikaipeleka chumba kizima. Siku moja nabonyeza kiwi nakuta laini, nabonyeza nyingine, laini. Nikadhani mashine imeharibika, nikaripoti mwenyewe! Wakaja wakapima hewa, wakatazamana, wakapanda ngazi. Msimamizi aliushusha mfuko akauweka mezani mbele yangu akauliza, "Hivi ni nini?" Nikasema ni vya mke wangu.

Mshahara wa mwisho umekwenda kwenye hasara, na ile mashine ya kupozea nimeshaiaga. Sasa nafua shuka za hospitali, nalala chumba kimoja na wanaume watatu ambao hatuongei lugha moja. Mmoja anakoroma, ndiye pekee ninayemwelewa.

Usimwambie. Akijua kwamba ni pasheni zake ndizo zilizonifukuzisha, atalibeba hilo maisha yake yote. Isitoshe yule ni mwivishaji, na kosa hili hata mwanafunzi wake wa siku ya kwanza halifanyi. Akinicheka sitaweza, na akilia sitaweza. Ngoja nipate kazi nyingine ya vyumba vya baridi. Nikishasimama nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, Mungu anisamehe. Mara ya pili niliacha wali ukaungua.

Tangu utoto wako ukipenda kitu unakificha mpaka kinaharibika. Mama alitafuta mayai ya kuku wake nyumba nzima, kumbe umeyafunika kwa sweta lako chini ya kitanda, unasubiri vifaranga. Tuliyapata kwa pua. Na leo una mvi unafanya yale yale.

Kukufichia siri hii ni kazi nzito, ujue. Wifi yangu huja hapa kila Jumapili, anakaa kiti kile cha mlangoni, ananieleza habari za ndizi na za kiwanda kipya. Anasema "tukiamua," "tukihamia," kila neno lina wewe ndani. Mimi natazama chai, maana nikimtazama usoni nitasema.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwandikie. Kazi inapotea na kazi inapatikana. Unaogopa atakucheka? Akucheke! Mke anayekucheka usoni ni wako. Uogope siku atakapoacha.

Sitamwambia, kwa sababu umeniomba na mimi ni mjinga wako wa tumbo moja. Lakini mpaka Juni tu. Juni mwanamke yule anatakiwa kutoa jibu lake, na hawezi kulitoa akiwa amefungwa macho.

Na usiku una blanketi? Hukusema.

Dada yako


10 Aprili

Mke wangu,

Kazi zinaendelea vizuri. Juzi tumefungua chumba cha matufaha yaliyolala tangu mwaka jana. Ukivunja ule mhuri wa mlango unasikia chumba kinavuta pumzi, huuuu, kama mtu anayeamka. Tunasubiri nje mpaka hewa ijae, ndipo tunaingia na taa. Kreti ya kwanza niliitoa mimi. Yalikuwa mekundu, yamekaza, yana umande. Nilitamani uwepo uyaone.

Habari kubwa ni kwamba wameniongezea mkataba mpaka mwisho wa mwaka. Hawakuniuliza sana, wamenipa karatasi nikasaini, unajua hawa watu walivyo. Kwa hiyo Juni haitawezekana. Najua nilikuahidi. Lakini tukaze moyo kidogo, mvumilivu hula mbivu, na wewe hiyo methali ndiyo inayokulisha. Mwambie bosi asubiri. Kama anakutaka kweli atasubiri.

Pasheni zimekwisha. Zilikuwa tamu.

Mumeo,
Mlaza Matunda


5 Mei

Mume wangu,

Mvumilivu hula mbivu. Aliyesema hivyo hakuwahi kuuza ndizi. Mimi nimewaona wavumilivu wengi wakila mbovu.

Nilikaa siku kadhaa bila kukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi. Sasa nimepoa, nina maswali tu.

La kwanza ni la kazi. Bosi alileta sokoni sanduku la matufaha ya kulazwa, kama hayo yako, tuonje. Yalikuwa mazuri kama ya kuchora. Nikanusa moja, nikaligeuza, nikanusa tena. Hakuna kitu. Nikauma, likalia kwacha, maji matamu kidogo, basi. Bosi akanieleza kwamba tunda likilazwa sana ile harufu yake hairudi tena, hata uliamshe vipi. Je, ni kweli? Maana nilisimama pale sokoni na tufaha lililoumwa mkononi nikawaza ndivyo utakavyonirudia. Umekaza, una shavu, na nikikusogelea sikuti mtu.

La pili. Ndizi ukiikata mtini inaendelea kuiva. Papai hivyo hivyo, parachichi ndiyo kabisa, halianzi mpaka ulikate. Lakini chungwa ukilikata ndiyo basi. Likikatwa chachu litabaki chachu mpaka lioze. Siku nilipokusindikiza sikuuliza wewe ni tunda gani. Nauliza sasa. Tangu utoke hapa, sisi wawili tunaiva au tulikatwa tukabaki vile vile?

La tatu. Barua yako inanukia. Nilipofungua bahasha nilidhani nimekosea, nikaiweka dirishani, nikairudia. Inanukia sabuni, ile nzito ya maua inayotiwa kwenye maji ya mwisho ya kufulia. Pua hii ndiyo inayoniingizia mkate, naingia chumba cha ndizi gizani na kukuambia kreti gani imeanza. Barua ya Januari haikuwa na harufu. Wewe mwenyewe uliandika kwamba kazini marashi ni marufuku na kwako hakunuki kitu. Basi ni nani anayekufulia?

Kama yupo, sema. Nitajua la kufanya.

Mkeo


1 Juni

Mdogo wangu,

Amekuja leo na barua yako mkobani. Hakukaa. Alinisogezea karatasi puani, mimi mtu mzima, akasema, "Wifi, nusa." Nikanusa. Akasema, "Huyo ni mwanamke gani?" Nikamwambia labda ni sabuni ya dukani tu. Akaikunja karatasi, akasema, "Wewe unajua kitu." Nikajibu sijui. Nimemdanganya mke wa ndugu yangu ndani ya nyumba yangu mwenyewe, naye anajua kwamba nimemdanganya, na ameondoka bila kunywa chai.

Unaona ulipotufikisha? Unafua shuka za wagonjwa na mkeo anadhani umelala kwenye shuka za mwanamke. Ukweli wako una aibu ndogo. Uongo wako umejizalia aibu kubwa kuliko wenyewe. Mwandikie leo, usingoje kesho. Andika maneno matatu tu, nilifukuzwa, niko dobi. Mengine yatajifuata yenyewe.

Dada yako


14 Juni

Mke wangu,

Hakuna mwanamke. Naapa kwa kaburi la mama. Sina wa kunifulia, najifulia. Ile sabuni ni ya kazini.

Kuna mambo ya kazi ambayo siwezi kuyaeleza kwenye karatasi. Nikija nitakueleza yote, moja baada ya jingine, na utanielewa. Naomba unipe mpaka Desemba.

Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi. Hii ndiyo iliyobaki.

Mumeo


30 Juni

Mume wangu,

Sabuni ya kazini. Kazini gani?

Nilijiandaa kwa mwanamke. Nilikaa nikajiambia, akikiri nitapiga kelele, nitalia, nitakwenda kwa dada yake kulala siku mbili, halafu tutaona. Watu wameshayapita makubwa kuliko hayo. Sikujiandaa kuletewa karatasi isiyo na mtu ndani. Kuna kitu kimeoza huko na wewe unakifukizia, na la kuvunda halina ubani.

Nimempa bosi jibu leo. Naondoka wiki hii. Nyumba nimeikabidhi kwa mwenyewe, amepaka rangi chumba chetu kabla sijamaliza hata kutoa vyombo. Nguo zako ziko kwa dada yako, na lile koti lako la mvua nimelishona mfuko. Anwani sikuachii. Sikukomoi. Nimechoka kumsubiri postamasta kuliko nilivyochoka kukusubiri wewe.

Kazi njema.

Mkeo


15 Agosti

Wifi yangu,

Ulinipa anwani hii ukaniapisha nisimpe mtu, na sijampa. Lakini nina deni la neno kwako, na leo nalitoa.

Ulipoleta nguo za mume wako, ukaniuliza mlangoni kwa mara ya mwisho kama najua kitu, nilikuwa najua. Nilikuwa najua tangu Machi. Nilimwambia nitanyamaza mpaka Juni, Juni ikafika nikaogopa, nikasema labda ataandika mwenyewe, ni mambo ya mke na mume. Kumbe nilikuwa nakulinda wewe dhidi ya nini? Dhidi ya mfuko wa pasheni.

Nimetia humu barua aliyoniandikia wakati ule. Hakuniruhusu. Isome mwenyewe, sitakusimulia, kwa sababu nikisimulia nitamtetea. Nataka ujue tu kwamba ile sabuni ni ya shuka za hospitali. Anazifua kutwa, mikono imebabuka. Ameandika barua tatu kwenye nyumba yenu ya zamani na mwenye nyumba ameniletea zote, hazijafunguliwa. Ya mwisho juu yake ameandika, "Tafadhali, popote alipo."

Ukinichukia una haki. Kiti cha mlangoni hakikaliwi na mtu siku hizi. Jumapili ni ndefu, wifi, sikujua.

Wifi yako


9 Septemba

Mlaza Matunda,

Kwanza nilicheka. Nilikuwa kwenye kijichumba changu cha kioo pale kiwandani, wafanyakazi wote wakageuka, maana tangu nifike hawajawahi kunisikia nikicheka. Nyuma ya feni! Mume wa mwivishaji! Ungeziweka chini mlangoni, ungeziweka popote, huenda ungepoteza kreti mbili tatu. Wewe ukachagua penye upepo. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha kwenu siku hiyo hiyo na barua kwa wazazi.

Halafu nikafika pale ulipoandika kwamba ulikuwa unaifumbata moja mpaka ipate joto inukie. Nikafunga mlango, na kwa kuwa ni kioo, nikageukia ukutani.

Mimi silibebi hilo kosa. Nilikutumia matunda, nikakuandikia uyale. Ulinionea huruma ambayo sikukuomba. Uliamua kwamba nitavunjika, ukaamua kwa niaba yangu, na mimi nimekuwa naamka alfajiri kupakua malori tangu kabla hujanijua.

Nikuambie kinachouma. Si kufukuzwa, wala si uongo wa mkataba. Ni kwamba ulimwambia dada yako. Kwa miezi mitano kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyejua mume wangu analala wapi, amechoka vipi, na ni nani anayemkoromea, na mtu huyo alikuwa ananimiminia chai. Mimi nilikuwa nasoma matufaha. Chumba kikavuta pumzi, huuuu. Uliyaandika vizuri sana yale matufaha. Nilimsomea bosi kwa majivuno.

Na ile mashine, mimi sikuwahi kuitaka. Nilikuwa naitikia kwa sababu ulikuwa unafurahi ukiitaja.

Huku ni mbali. Asubuhi kuna ukungu, na barabara ya kiwandani haina hata genge la nyanya. Wananiita Bi Gesi. Mwanzoni walikuwa wakiniuliza kama nina mume, nikawa naeleza, yuko huko, atakuja. Sasa hawaulizi na mimi sielezi. Vyumba vyote sita vinakwenda vizuri, sijapoteza hata kreti moja, na nikifunga jioni sina wa kumwambia hivyo.

Sijakusamehe. Hilo tutaligombania uso kwa uso, na nitakusema mpaka majirani wajue jina lako. Lakini kuna jambo linanitisha kuliko hasira yangu. Wiki za mwanzo nilikuwa nalala ukingoni mwa kitanda, nakuachia nafasi yako, hata shuka la upande ule halikukunjika. Juzi nimeamka nikajikuta katikati, nimejinyoosha, na nimelala vizuri. Sikumbuki nilihama lini. Chakula nikipika kinanitosha kamili, hakibaki. Naona inaanza, mume wangu, na kazi yangu ni kujua kitu kikianza.

Anwani iko nyuma ya bahasha. Panda basi, shuka kituo cha mwisho, uliza kiwanda cha ndizi. Usisubiri Desemba, usisubiri upate cha kubeba. Njoo na hiyo mikono iliyobabuka, njoo kabla sijazoea.

Mkeo bado